Stata Iliyosukwa kwa Shaba ya Namba Tisa

Saa moja na nusu asubuhi ya Ijumaa, Sindano alikuwa amelala chali juu ya katoni za sabuni chini ya gari la marehemu mumewe, miguu imetokeza kwenye changarawe kama ya mtu aliyegongwa. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi mbili za chuma. Kibanio cha hasi cha betri kilikuwa kimefunguliwa na kuvishwa soksi, kisije kikarudi kugusa. Soksi ilikuwa ya marehemu, ya mguu wa kulia. Ya kushoto ilibaki kiwandani.

Barazani, hatua nne kutoka kwenye boneti, Shemeji alikuwa amenyooka kwenye benchi la mbao, mto chini ya mgongo, akitoa amri.

"Umeiona?"

"Naona matope na chuma."

"Chuma kipi?"

"Shemeji, huku chini kila kitu ni chuma."

"Kile kilicho kama kopo la maziwa, kimebeba kopo dogo mgongoni."

"Nimekiona. Kimejificha nyuma ya bomba."

"Basi hiyo ndiyo stata. Isalimie, mtakuwa wote mpaka mchana."

Stata ilikata kauli Jumatano jioni. Sindano alizungusha ufunguo, ikasema *tik*. Akazungusha tena, ikasema *tik*. Mara ya tatu haikusema kitu. Wiki nyingine yoyote angeliacha gari lilale mpaka apate nafasi. Wiki hii hakukuwa na nafasi. Barua kutoka ofisi ya ajali kazini ilisema kwamba shauri lolote ambalo halijaletewa shahidi ndani ya miaka minane litafungwa, na miaka minane ilikuwa inatimia leo, saa tisa na nusu alasiri, ofisi inapofunga mlango.

Shahidi alikuwa mmoja tu, naye ndiye huyu wa kwenye benchi. Nyonga yake ilivunjika siku ya ajali, akijaribu kumvuta kaka yake, mume wa Sindano, kutoka kwenye mashine. Mfupa uliungana vibaya, na tangu hapo alisimama kwa magongo au alilala, kukaa hakuwezi. Kwenye teksi haingii. Basi la kusimama lingemwangusha kwenye shimo la kwanza. Mjini ni kilomita ishirini na mbili za barabara iliyochimbika, na angefika huko kwa namna moja tu: amenyooshwa nyuma ya gari hili refu, viti vimelazwa, visigino vimeelekea mlango wa nyuma.

Ajali yenyewe ilishaelezwa na ripoti ya kurasa nne. Ukurasa wa nne ulisema: "Mashine namba tisa ilikuwa imezimwa. Mashine iliyozimwa haijiwashi. Kwa hiyo marehemu aliiwasha mwenyewe, na alijisababishia." Marehemu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Spana, alikuwa na mikono yote miwili ndani ya mashine, akitoa pamba iliyokwama. Swichi ilikuwa ukutani, hatua kumi na mbili kutoka pale. Ripoti ilimpa mkono wa hatua kumi na mbili, ikapigwa muhuri, na meneja aliyeitia saini, siku hizi ni mwenyekiti wa kamati ya usalama kazini. Hutoa hotuba. Huanza kwa kuwashukuru wafanyakazi.

Sindano hakuwa anadai kikubwa. Alitaka neno moja lifutwe, lile la "alijisababishia". Miaka minane alikuwa akiambiwa arudi wiki ijayo.

Gari lilikuwa la zamani, la tabo. Moshi wa injini unazungusha kifeni, kifeni kinaisukumia injini hewa, na gari linapanda kilima kama limetukanwa. Ila bomba la hiyo tabo linapita jirani kabisa na stata na kuipika kila siku, na anayetaka kuitoa stata hupitisha mkono kwenye uwazi ambao hata paka angefikiri mara mbili. Sindano alikuwa ameshafungua mpira wa hewa kwa juu, na bati la kuzuia joto, na nyaya mbili: ule mnene wa betri na ule mwembamba wa kuamshia. Bolti ya chini ilitoka bila maneno. Ikabaki ya juu, ambayo haionekani kutoka juu wala kutoka chini.

"Usiitafute kwa macho," Shemeji alisema. "Ukiitafuta kwa macho utaikosa. Jina lako umepewa bure?"

Jina lake hakupewa bure. Umeme ulipokatika kiwandani, yeye ndiye aliyeweza kutunga uzi gizani, sindano baada ya sindano, wenzake wakisubiri. Alifumba macho, akapitisha mkono kati ya bomba na injini, akaipapasa bolti mpaka soketi ikakaa. Akavuta. Haikuenda. Akavuta tena kwa mikono miwili, mguu umekanyaga tairi.

"Polepole! Ikikatika hiyo, tumekwisha. Saa ngapi?"

"Wewe ndiye mwenye saa, Shemeji."

"Saa tatu na nusu. Nilitaka tu kusikia kama bado unapumua."

Chuma kililia mlio mfupi, mkali.

"Imelia au imekatika?" Sauti ya Shemeji ilikuwa imepanda.

Sindano alizungusha soketi kidogo, akasikiliza kwa vidole. "Imelia."

"Ungesema mapema. Moyo wangu si wa chuma."

Stata ya zamani ilitoka saa nne, nzito, nyeusi, ikinuka kama nywele zilizoungua. Dakika chache baadaye nati ya waya mnene ilimponyoka Sindano, ikagonga mara mbili mahali fulani na haikufika chini. Aliitafuta kwa dakika ishirini na tano, jasho likimwingia machoni. Shemeji kila baada ya muda alitaja saa, bila kuulizwa.

"Kaka yangu aliniambia ameoa fundi," alisema. "Kumbe alioa mtafutaji."

"Na mimi niliambiwa nina shemeji msaidizi. Kumbe nilipewa saa ya ukutani."

Nati ilikuwa imekaa juu ya ukingo wa bomba, kimya, kama inayosubiri basi.

Stata ya kuweka ilikuwa na historia yake. Siku nzima ya Alhamisi Sindano alizunguka madukani. Stata za magari ya aina ile zilikuwepo, lakini za yale yasiyo na tabo, ambazo pua yao ni ndefu na ingegusa bomba. Mwishowe akapata moja kwenye gari lililogongwa, mwili mzima, ila koili ya lile kopo dogo la mgongoni ilikuwa imeungua. Akaipeleka kwa fundi wa kusuka mota. Mafundi hawasemi waya wa shaba unazungushwa kwenye mota. Wanasema unasukwa, kama nywele. Fundi aliisuka pale pale, Sindano amesimama, akihesabu mizunguko kwa kunong'ona, na huku akiisifia shaba yake. Alisema ni ya zamani, imara, siyo hii ya siku hizi inayokatika ukiitazama. Sindano hakumwuliza ameitoa wapi. Katika mtaa ule hakuna aliyeuliza shaba inatoka wapi, kwa kuwa nyumba zote zimeupa mgongo ukuta wa kiwanda, na kila mtu anajua ukuta una tundu.

Kiwanda kilifungwa miaka sita iliyopita. Ilitangazwa kwamba ni kwa muda.

Saa sita na nusu bolti zote mbili zilikuwa zimekazwa, nyaya zimerudi, bati limerudi, mpira wa hewa umebanwa. Sindano alilishusha gari kutoka kwenye stendi, akaivua betri soksi, akafuta mikono, akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Stata ilinguruma vizuri. Kabla injini haijashika, ng'ambo ya ukuta kitu kizito kilijinyoosha, kikakohoa, kikaanza kuzunguka.

Sindano aliachia ufunguo na kuinua mikono yote miwili. Ndivyo walivyofundishana kiwandani wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu wa kuwafundisha hakuwepo: ukisikia mashine na hujui nani kaiwasha, toa mikono kwenye kila kitu. Ng'ambo kukawa kimya.

"Mbona umeachia?" Shemeji aliuliza.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Rudia."

Akarudia. Ng'ambo ikaanza tena. *Nga, nga, nga, pa. Nga, nga, nga, pa.*

"Achia." Shemeji alikuwa amejiinua kwa kiwiko, jambo ambalo daktari alimkataza. "Namba tisa hiyo. Hilo 'pa' ni jino lililovunjika la gia kubwa. Mashine ile niliiandikia karatasi tatu."

Kutoka kwenye matundu ya paa la kiwanda pamba nyepesi ilipanda hewani, ikatawanyika juu ya mtaa, ikaanza kushuka. Jirani wa kulia alitoka kuanua nguo.

"Mkitaka kuwasha mtuambie," alisema. "Mimi nimefua nyeupe."

"Samahani, jirani," Sindano alijibu. "Tulidhani tunawasha gari."

Jirani alikung'uta shuka lake na kuingia ndani. Shemeji alirudi kulala, macho kwenye mabati ya baraza.

"Yule fundi alisuka kwa shaba gani?"

"Ya zamani."

"Ya zamani ya wapi?"

Sindano aliutazama ukuta.

"Basi ni shaba ya mota ya namba tisa," Shemeji alisema. "Waya uleule. Unadhani bado uko kazini. Hakuna aliyeuambia kwamba tumefukuzwa."

Kwenye tundu la ukuta ulitangulia ufagio, kisha akatoka mlinzi wa kiwanda. Alikuwa na pamba kichwani na mabegani.

"Ni nyie?" alisema. "Nimetoka kufagia sasa hivi. Sasa hivi!"

"Pole, ndugu yangu," Shemeji alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya upole wa kutisha. "Hebu niambie. Swichi ya namba tisa iko vipi?"

"Imeshushwa. Ina kutu, hata nyundo haiipandishi."

"Na umeme?"

"Umeme gani? Waya mkubwa uliibwa. Nguzo iliibwa. Niliripoti nguzo, wakaniuliza nilikuwa wapi."

"Kuna mtu aliigusa mashine?"

"Nani aiguse? Nilikuwa nimesimama mbele yake na ufagio huu. Imewaka, imezima, imewaka, imezima. Nimeshaandika." Akatoa daftari kwapani na kusoma: "Saa sita na nusu, mashine namba tisa imewaka bila umeme, mara mbili. Hali shwari."

Shemeji alifumba macho. Miaka minane alikuwa amemtafuta mtu wa kuandika sentensi ile.

"Naomba huo ukurasa."

"Daftari ni la kampuni."

"Uchane."

"Nikiuchana itabidi niandike kwamba nimeuchana. Nami nina watoto." Mlinzi alilirudisha daftari kwapani. Haikuwa roho mbaya. Alikuwa analinda kitu pekee kilichobaki kiwandani ambacho hakijaibwa, yaani kazi yake. "Halafu mkiwasha tena muwe waangalifu. Mle ndani kuna kina mama saba wanaookota pamba chini ya mashine."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Safari ni saa moja na zaidi, ukiwa na bahati na mashimo.

"Shemeji," yule wa kwenye benchi alisema, "washa twende. Wenyewe watakuwa wamekaa kando."

"Wamekaa kando wapi?"

Shemeji aliitazama saa yake.

"Nakuuliza. Wamekaa kando wapi?"

Yalikuwa maneno ya msimamizi wa zamu, yaleyale, kila zamu ilipoanza, hata siku ya ajali: washa, watu wako kando. Shemeji aliyasikia yakitoka kinywani mwake, akageuza uso ukutani. "Nenda," alisema. "Nenda upesi."

Sindano alipita kwenye tundu. Alikuwa hajaingia ukumbi ule tangu siku aliyoitwa kuja kutambua viatu. Mashine zilisimama mistari miwili, zimefunikwa vumbi, isipokuwa namba tisa, ambayo ilikuwa inang'aa mgongoni kama mnyama aliyetoka kuoga. Kina mama walikuwa wametawanyika na viroba vyao.

"Tokeni kidogo," aliwaambia. "Nataka kuwasha gari."

Hakuna aliyeuliza gari linahusiana vipi na mashine. Mmoja aliuliza, "Gari gani? Lile la Spana? Kumbe linatembea bado!"

"Likiwaka."

"Basi ngoja nimalizie kiroba hiki."

"Mama, naomba utoke sasa."

Walitoka kwa mwendo wa watu waliozoea kufukuzwa, bila haraka, wakijadiliana. Sindano alihesabu mlangoni. Sita. Akahesabu upya nje, kwenye mwanga. Sita. Akawauliza wa saba yuko wapi, wakaangaliana, mmoja akasema labda amekwenda nyumbani, mwingine akasema hapana, yule bibi haondoki kabla kiroba hakijajaa, tena hasikii, umwite mpaka uchoke.

Alirudi ndani. Alipita mstari wa kwanza wote, ameinama, akichungulia chini ya kila mashine. Akapita wa pili. Saa ya Shemeji aliisikia kichwani bila kuiona. Alimkuta nyuma ya namba tisa, bibi mdogo wa umbo, amepiga magoti, mkono wa kulia umeingia ndani ya mashine mpaka begani, shavu limelalia chuma.

Sindano hakupiga kelele. Alipiga magoti kando yake, akamgusa kiwiko, akauvuta ule mkono nje taratibu, kidogo kidogo, kama anayetoa uzi kwenye tundu.

"Unaniumiza," bibi alisema.

"Nisamehe, mama."

"Kuna pamba nzuri humo ndani. Safi. Haijaguswa tangu sijui lini."

"Mimi najua tangu lini," Sindano alisema, ingawa bibi hakusikia.

Akamshika mkono, akatoka naye. Mlangoni alisema "saba" kwa sauti, ili mlinzi asikie, na mlinzi akafunga mlango na kuukalia kwa kiti chake.

Saa nane kasoro kumi Shemeji alikuwa ameshanyooshwa nyuma ya gari, magongo ubavuni, mto chini ya mgongo. Sindano alizungusha ufunguo. Stata ilinguruma, ng'ambo ya ukuta namba tisa ikaanza, na injini ikashika. Alipoachia ufunguo, mashine haikusimama tena. Ilikwenda sambamba na injini, *nga, nga, nga, pa*.

Mtaa ukabaki nyuma. Sauti haikubaki nyuma. Kilomita ya tano ilisikika kama ilivyosikika kwenye baraza, wala haikuwa imepungua kilomita ya kumi. Pamba ilianguka juu ya kioo cha mbele na Sindano akaiondoa kwa waipa. Kwenye kila shimo Shemeji aliguna. Kati ya shimo na shimo alifanya mazoezi ya ushahidi wake, siku kwa siku, maana hakuwa amesahau hata moja.

"Jumanne nilitoa taarifa kwamba namba tisa ikizimwa inajiwasha. Karatasi ya kwanza. Alhamisi nikatoa ya pili. Jumatatu iliyofuata, ya tatu. Msimamizi akasema tukiisimamisha tunapoteza zamu mbili. Akasema ondoa kile kifaa cha usalama kinachokata umeme, unganisha waya moja kwa moja. Nikasema sitaki. Akamwita mwingine akaunganisha. Jumatano kaka akaizima, akaingiza mikono..."

"Hapo pa mikono usipaseme kwa urefu," Sindano alisema.

"Watapauliza."

"Wakipauliza, useme. Sasa hivi nyamaza, naendesha."

Kwenye kilima cha mwisho lori lilisimama katikati ya njia, dereva amelala kifudifudi chini yake. Sindano alipita pembeni, tairi mbili mtaroni, tabo ikipiga mluzi. Injini ikizimika hapa, aliwaza, itabidi ampigie mlinzi aulize kama kuna mtu ndani, na mlinzi wakati mwingine hapokei. Haikuzimika.

Walifika saa tisa na dakika kumi na mbili. Aliegesha chini ya dirisha la ofisi, akaliacha gari likinguruma. Karani wa mashauri, mwanamke mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alikubali kutoka nje na faili kwa sababu ya nyonga ya shahidi. Kanuni haikukataza. Aliinama kwenye mlango wa nyuma ulio wazi, akasalimia, akawapa pole ya safari, akafungua kalamu.

Shemeji alisema yote. Alisema bila kukosea, amelala, anaangalia dari la gari. Karani aliandika kila neno, kwa mwandiko mzuri, na mahali pa mikono alisubiri mpaka yule mtu akameza mate na kuendelea. Pamba ilianza kushuka uani. Karani aliipuliza kutoka kwenye karatasi.

"Na hiyo sauti ni ya nini?" aliuliza.

"Ndiyo namba tisa yenyewe," Sindano alijibu.

"Iko wapi?"

"Kiwandani. Kilomita ishirini na mbili."

"Inasikika vizuri," karani alisema, akaandika: inasikika vizuri.

Shemeji alimshika Sindano mkono kupitia nafasi ya viti. Macho yake yalikuwa na mwanga ambao Sindano hakuwa ameuona tangu kabla ya ajali. "Mwonyeshe," alisema. "Swichi iko chini, umeme hakuna, mtu hakuna. Mwonyeshe kama inawaka au haiwaki. Zima, halafu washa."

Sindano alizima. Sauti ikakoma. Akatoa simu, akampigia mlinzi, ikaita muda mrefu.

"Ndani kuna mtu?"

"Hakuna. Nimeukalia mlango."

"Usiondoke hapo."

Akawasha. *Nga, nga, nga, pa.* Karani alisikiliza, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mtoto akisoma. Kisha akavaa miwani.

"Nani amezungusha ufunguo?"

"Mimi."

"Na ulipouzungusha, mashine namba tisa ikawaka."

"Ndiyo."

"Basi haikujiwasha," karani alisema. "Umeiwasha wewe."

Shemeji aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Kutoka hapa?" Shemeji aliuliza kutoka nyuma. "Kilomita ishirini na mbili, dada yangu?"

"Fomu haina sehemu ya umbali, kaka."

"Na miaka minane iliyopita? Nani alizungusha ufunguo miaka minane iliyopita?"

"Hilo lipo kwenye ripoti. Ukurasa wa nne." Karani alikuwa anaandika na kusoma kwa wakati mmoja, ili wasije wakasema wamefichwa kitu. "Shahidi ameonyesha, mbele yangu, kwamba mashine husika huwashwa na mtu. Ushahidi huu unakubaliana na ripoti. Ripoti imethibitishwa." Akainua macho. "Mmefika ndani ya muda. Hilo nimeliandika pia."

Aligonga muhuri juu ya boneti, kwa sababu pale ndipo palipokuwa bapa. Saa tisa na nusu mlinzi wa ofisi alifunga lango nyuma yake.

Jumanne iliyofuata kampuni ilileta watu wawili na ngazi. Walibandika bango kwenye ukuta wa kiwanda, upande wa nyumba: MASHINE ZOTE ZIMEZIMWA. Walipomaliza walijikung'uta pamba, wakaondoka. Hotuba ya mwenyekiti wa kamati ya usalama ilitoka gazetini mwezi huo, na picha yake.

Fundi wa kusuka mota alisikia habari, akaja mwenyewe kusema angeweza kuifungua ile koili na kuisuka upya kwa waya mwingine, wa dukani, usio na mambo. Shemeji alimtazama Sindano. Sindano alimwambia fundi ahsante, stata inafanya kazi vizuri.

Sasa, kila anapotaka kulitoa gari, kumpeleka Shemeji kliniki au kwenda kununua mkaa, huanza kwa kupita kwenye tundu. Jirani akimwona tu, huanua nguo. Mle ndani Sindano hupiga makofi na kuita, "Natoka jamani, nawasha!" na kina mama huinuka wakilalamika, huyu naye kila siku safari, na hutoka mmoja mmoja na viroba vyao hadi kwenye mwanga, naye huwataja kwa namba. Wa saba hafuati makofi. Sindano humwendea, humgusa kiwiko, na husubiri hapohapo kando ya namba tisa mpaka bibi autoe mkono mwenyewe, na konzi ya pamba ndani yake.